Ajali ya moto ina kinga: Mafunzo ya Msamvu kwa kila nyumba



Safu hii ni ya afya na usafi, na mara nyingi huzungumzia homa, kuhara, maji ya kunywa na lishe ya watoto. Leo tutaangalia moto. Moto si ugonjwa, lakini mtu aliyeungua huletwa kwetu sisi matabibu kama anavyoletwa mgonjwa mwingine, na mara nyingi hali yake ni nzito kuliko ya mgonjwa wa malaria. Tofauti ni kwamba majeraha mengi ya moto yangeweza kuzuiwa kwa jambo dogo lililofanywa dakika chache kabla.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Msemo huu hutumika sana kuwafariji wafiwa, na si vibaya kuwafariji. Lakini tukiugeuza kuwa kanuni ya maisha tutakuwa tumejidanganya, kwa sababu ajali ya moto ina kinga. Makala hii inakusudia kuonesha kinga hiyo ni ipi, inafanywa wakati gani, na kama moto umeshaunguza, tufanye nini.

YALIYOTOKEA MSAMVU

Asubuhi ya Jumamosi tarehe 10 Agosti 2019, katika siku za kuelekea Idd el-Hajj, lori la mafuta lilipinduka eneo la Msamvu, Manispaa ya Morogoro, si mbali na kituo kikuu cha mabasi. Petroli ikaanza kumwagika. Watu wakakusanyika, wengine na madumu na ndoo kuchota mafuta, wengine kutazama tu, wengine walikuwa wapita njia na waendesha bodaboda waliosimama kidogo. Ghafla mafuta yale yakalipuka. Wengi walikufa papo hapo. Majeruhi walipelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro, na waliokuwa na hali mbaya zaidi wakasafirishwa hadi Muhimbili, Dar es Salaam. Rais wa wakati huo, hayati John Magufuli, alitangaza siku tatu za maombolezo ya kitaifa. Kadiri siku zilivyopita majeruhi waliendelea kufariki, na idadi ya waliokufa ikapita watu 100.

Msiba wa namna hii haukuwa wa kwanza katika nchi zetu za Afrika Mashariki na Kati. Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachangwan nchini Kenya, watu zaidi ya 100 walikufa walipokuwa wakichota mafuta ya lori lililopinduka. Tarehe 2 Julai 2010, katika mji mdogo wa Sange, Kivu ya Kusini nchini Kongo, lori la mafuta lililipuka na watu zaidi ya 230 wakapoteza maisha, wakiwemo waliokuwa wamekaa wakitazama mpira wa Kombe la Dunia.

Hatuyataji haya ili kuwahukumu marehemu. Hesabu yao iko kwa Mola wao, na Mtume (S.A.W.) amemhesabu Muislamu anayekufa kwa moto kuwa miongoni mwa mashahidi. Lakini malipo ya aliyefikwa na msiba si ruhusa kwa aliye salama kuusogelea moto. Allah (S.W.) ametukataza kujitia wenyewe katika maangamizi kwa mikono yetu. Na mafuta yaliyomwagika barabarani bado yana mwenyewe. Hayawi halali kwa sababu tu chombo kimepinduka.

MOTO HUANZA KABLA YA MWALI

Watu wengi waliokuwa Msamvu hawakuona moto, na kwa kuwa hawakuuona, walidhani haupo. Hapa ndipo penye somo kubwa la makala hii.

Petroli yenyewe, ikiwa ndani ya dumu, haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake. Petroli hutoa mvuke wa kuweza kuwaka hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse katika joto la mji wa Morogoro. Mvuke huo hauonekani, na ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupandi juu ukapotea. Hutambaa chini, hujaza mitaro na mabonde, na huweza kufika mbali na pale mafuta yalipomwagika. Unachosubiri ni cheche moja tu: sigara, injini ya pikipiki, waya wa betri unaogusana na chuma, jiko la mama lishe lililo upande wa pili wa barabara. Ukifika hapo, moto hurudi kwa kasi hadi kwenye mafuta na kumkuta kila mtu aliyesimama katikati. Hakuna anayeweza kukimbia kuliko moto huo.

Basi ukiona lori la mafuta limepinduka, kazi yako ni moja: ondoka, na waondoe wanao. Usiwashe pikipiki wala gari lililo karibu. Tembea kwa miguu kuelekea upande unaotoka upepo. Ukiwa mbali, piga simu ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, namba 114.

Kanuni hii ya mvuke inahusu pia nyumba zetu. Vijijini petroli huuzwa kwa chupa za maji kwa ajili ya bodaboda, na baadhi ya wauzaji huihifadhi chini ya kitanda au nyuma ya mlango wa jikoni. Hilo ni lori dogo la Msamvu ndani ya nyumba. Petroli isikae nyumbani kabisa. Mafuta ya taa nayo yawekwe katika chombo chenye kifuniko na alama, mahali watoto hawafiki, na kamwe yasitiwe kwenye chupa ya soda. Mtoto akiyanywa, msimtapishe, mkimbizeni zahanati.

MAFUNDISHO YA MTUME (S.A.W.)

Imepokewa na Bukhari na Muslim, kutoka kwa Abu Musa al-Ash'ari (R.A.), kwamba nyumba moja mjini Madina iliungua usiku ikiwa na watu wake. Mtume (S.A.W.) alipopewa habari zao aliwaambia Masahaba kwamba moto ni adui yao, na akawaamuru wauzime wanapokwenda kulala. Katika mapokezi mengine amekataza kuacha moto ukiwaka majumbani wakati watu wamelala, na akaeleza kuwa panya anaweza kuuvuta utambi wa taa na kuwaunguzia watu nyumba yao.

Tuangalie, ndugu msomaji, jinsi mafundisho haya yalivyo ya kitabibu. Hakuwaambia watu wa Madina kuwa ajali haina kinga. Alitafuta chanzo, akaeleza namna kinavyofanya kazi, na akaweka kinga kabla ya usingizi, wakati mtu bado ana akili na nguvu zake. Moto una manufaa ukiwa na mlinzi aliye macho. Mlinzi akilala au akitoka, ule ule uliopika futari unakuwa adui.

Wapo wanaosema, "Mimi nimemtegemea Allah." Tawakkul ni wajibu, lakini Mtume (S.A.W.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza kisha amtegemee Allah. Kuzima koroboi ni kumfunga ngamia.

Serikali na taasisi nazo zina ngamia wao wa kufunga. Tarehe 15 Aprili 1997, katika siku za Hijja, moto uliunguza mahema ya Mina na mahujaji 343 wakafariki. Baada ya hapo mahema ya kawaida yaliondolewa, yakawekwa yaliyotengenezwa kwa vitu visivyoshika moto kirahisi, na majiko ya gesi yakapigwa marufuku katika mahema ya mahujaji. Waliwaombea marehemu, kisha wakaondoa sababu. Nasi tufanye yote mawili.

JIKONI

Jikoni ndiko moto unakowashwa kila siku, na hapo ndipo mazoea yanapotufanya tusahau.

1. Mavazi. Buibui, mtandio na dera vingi siku hizi ni vya nailoni au poliesta. Vitambaa hivi vikishika moto huyeyuka na kung'ang'ania kwenye ngozi. Mama anapopika avae nguo ya pamba, akunje mikono, na ncha za kanga zisining'inie juu ya jiko.

2. Mafuta ya kukaangia. Mwezi wa Ramadhani karai la sambusa na kachori huwa motoni kila jioni, na mpikaji ana haraka ya adhana ya Magharibi. Mafuta yakishika moto, usimwagie maji hata tone. Maji huzama chini ya mafuta, huchemka mara moja, na kuyarusha mafuta yanayowaka hadi usoni na darini. Zima jiko, funika karai kwa sinia au kitambaa kizito kilicholowa na kukamuliwa vizuri, kisha liache hapo hapo hadi lipoe. Usilibebe kukimbia nalo nje.

3. Mtungi wa gesi. Serikali imeweka mkakati wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, na nyumba nyingi zinahama kutoka kwenye mkaa. Ni jambo jema kwa mapafu yetu na kwa misitu, lakini gesi ina adabu zake. Nayo ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni kama mvuke wa petroli. Imetiwa harufu mbaya makusudi ili tuigundue. Mtungi usimame wima, mahali penye hewa. Mpira uliopasuka au kukakamaa ubadilishwe. Unapofunga mtungi mpya, paka povu la sabuni kwenye maungio. Ukiona mapovu yanaumuka, gesi inavuja. Usijaribu kwa kiberiti. Washa kiberiti kwanza ndipo ufungue gesi ya jiko, na ukimaliza kupika funga pia mtungi wenyewe.

Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe taa wala usiizime, kwa sababu swichi hutoa cheche wakati wa kuwasha na wakati wa kuzima. Funga mtungi kama unaufikia, fungua milango na madirisha, toa watu wote nje, na simu upige ukiwa nje.

4. Shughuli za watu wengi. Katika maulid, harusi na misiba yetu masufuria makubwa ya pilau hupikwa kwenye mafiga uani, na watoto wanacheza hapo hapo. Mfungie moto mpaka kwa kamba au mabenchi, na mteue mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni kuangalia watoto tu.

CHUMBANI, USIKU

Umeme ukikatika tunawasha mshumaa au koroboi, kisha usingizi unatuchukua. Chandarua, ambacho kinatukinga na malaria na hatupaswi kukiacha, hushika moto haraka sana. Mshumaa au koroboi usiwekwe karibu na chandarua, pazia wala godoro. Taa ndogo ya sola au tochi ni salama zaidi, na siku hizi bei zake zinafikika na nyumba nyingi.

Chetezo nacho kina makaa ya moto. Tunafukiza udi na ubani, tunakipitisha chini ya nguo, kisha tunakisahau chumbani. Chetezo kikae juu ya sinia la chuma au sakafu tupu, na kabla ya kulala makaa yamwagiwe maji hadi yafe.

Kuhusu umeme, soketi moja isibebe friji, pasi, televisheni na chaja nne kwa waya mmoja wa kugawanyia. Waya unaopata moto ukiugusa, soketi yenye weusi, au harufu ya plastiki inayoungua ni dalili za mwanzo kabisa. Zima swichi kuu na mwite fundi umeme anayejua kazi yake. Umeme ukikatika wakati unapiga pasi, ichomoe hapo hapo. Wengi huondoka, umeme hurudi hakuna mtu nyumbani, na pasi iko juu ya kanzu.

Jambo la nne nalisema kwa ndugu zetu wa milimani. Mgeta, Bunduki, Nyandira na vijiji vingine vya juu vya Uluguru vina baridi kali miezi ya Juni na Julai, na watu huingiza jiko la mkaa chumbani wakafunga mlango na dirisha. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa yenye sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haikoozeshi. Huingia kwenye damu na kukaa mahali pa hewa safi tunayoihitaji. Mtu huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi mzito ambao huenda asiamke. Familia nzima inaweza kukutwa imekufa bila alama yoyote ya kuungua, na majirani wakaanza kutuhumiana uchawi. Hakuna uchawi hapo. Ota moto jikoni au nje, kisha jiko libaki huko huko. Jifunikeni blanketi.

WATOTO NA WENYE KIFAFA

Watoto wadogo wengi tunaowapokea hawakuunguzwa na mwali, bali na uji, chai, mchuzi au maji ya kuoga. Mtoto anayetambaa huvuta kitambaa cha meza na chupa ya chai ikamwangukia. Masufuria ya moto yasiwekwe sakafuni, mikono ya sufuria ielekezwe ndani, na maji ya kuoga mtoto tuanze na ya baridi ndipo tuongeze ya moto. Kiberiti kikae juu.

Kundi la pili ni ndugu zetu wenye kifafa. Mkoa wetu wa Morogoro una historia ndefu katika jambo hili. Huko Mahenge, wilayani Ulanga, daktari Louise Jilek-Aall alianza kuwatibu wagonjwa wa kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na makovu ya moto yalikuwa jambo la kawaida miongoni mwao. Mgonjwa huanguka katika mafiga, na walio karibu huogopa kumgusa kwa kudhani kifafa huambukiza kwa mate au kwa kumshika. Kifafa hakiambukizi kwa kumgusa mgonjwa. Mwondoeni motoni mara moja. Mwenye kifafa asipike peke yake kwenye moto wa chini. Ajengewe jiko la kuinuliwa lenye ukingo, na ahudhurie kliniki apate dawa za kila siku. Dawa hizo ni sehemu ya kinga ya moto.

SHAMBANI

Kiangazi ndio wakati wa kusafisha mashamba, na wengi husafisha kwa kiberiti. Katika miteremko ya Uluguru moto hupanda kilima kwa kasi kwa sababu joto lake hukausha majani ya juu kabla haujafika, na upepo ukibadilika unamgeukia mchomaji na nyumba za nyasi. Isitoshe, misitu ile, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008, ndiyo chanzo cha mito inayonywesha mji wa Morogoro na kuingia Mto Ruvu, unaohudumia Dar es Salaam. Kulima bila kuchoma ndiyo bora. Kama uongozi wa kijiji umeruhusu kuchoma, kata kwanza mkanda mpana usio na majani kuzunguka shamba, choma upepo ukiwa umetulia, mwe watu kadhaa, na msiondoke hadi majivu yapoe.

MADRASA NA MABWENI

Agosti 2009 wanafunzi wa kike 12 walikufa bweni lilipoungua katika shule ya sekondari Idodi, mkoani Iringa. Tarehe 14 Septemba 2020 watoto 10 walikufa kwa moto wa bweni katika shule ya msingi ya Kiislamu ya Byamungu, wilayani Kyerwa, Kagera. Hawa ni watoto wetu, waliopelekwa kutafuta elimu.

Mzazi anayempeleka mtoto bweni, pamoja na kuuliza juu ya walimu na chakula, aulize haya: Bweni lina milango mingapi? Usiku milango inafungwa kwa kufuli nje? Madirisha yote yana nondo zisizofunguka? Watoto wanalala wangapi? Wanatumia mishumaa? Je, wamewahi kufanya zoezi la kutoka nje usiku? Kuuliza si kumdharau ustadhi. Ni amana, na anayetunza amana hachukii kuulizwa. Walimu nao waombe maofisa wa Zimamoto wawatembelee na kuwapa mafunzo.

Hata majumbani kwetu tumeweka nondo kwa kuogopa wezi. Basi funguo za mlango zining'inie msumarini karibu na mlango, mahali kila mtu anapajua gizani, na familia ikubaliane mahali pa kukutania nje, kama chini ya mwembe, ili mahesabu ya watu yafanyike hapo.

MOTO UKISHAWAKA

Moto mdogo, kama wa pipa la taka, unaweza kuuzima kwa mchanga, blanketi zito au mtungi wa kuzimia moto kama unao na unajua kuutumia. Moto wa umeme usiumwagie maji. Kata umeme kwanza. Lakini moto ukifika darini, au moshi ukijaza chumba, hiyo si kazi yako tena. Toka, funga mlango nyuma yako ili kuupunguzia hewa, na piga 114. Taja mtaa, alama iliyo karibu, na kama kuna mtu ndani.

Katika moshi tembea kwa magoti, kwa sababu hewa nzuri iko chini. Usirudi kuchukua simu, cheti wala fedha.

Nguo ikishika moto, usikimbie. Kukimbia ni kuuchochea. Lala chini, funika uso kwa viganja, jiviringishe hadi moto ufe. Anayemsaidia amfunike kwa blanketi la pamba au sufi, si la nailoni.

HUDUMA YA KWANZA KWA ALIYEUNGUA

1. Mwondoe kwenye moto. Mvue nguo zilizolowa maji ya moto au zinazofuka, isipokuwa iliyogandana na ngozi. Vua pete, bangili na saa mapema, kabla hajavimba.

2. Mimina maji safi ya baridi ya kawaida juu ya jeraha kwa dakika 20. Kama hakuna bomba, tumia kata na ndoo. Maji haya hutoa joto lililozama ndani ya nyama, ambalo huendelea kuunguza hata baada ya moto kuondoka. Hata kama yamepita masaa mawili au matatu, bado yana faida. Usitumie barafu. Sehemu nyingine za mwili zifunikwe asipate baridi, hasa mtoto.

3. Funika kwa kitambaa safi kisicho na manyoya, kama kanga iliyofuliwa, au mfuko safi wa nailoni kwa mkono au mguu. Usipasue malengelenge.

4. Akiwa macho na anaweza kumeza, mpe maji au maji yenye chumvichumvi za kuzuia kuhara, kidogo kidogo, mkiwa njiani kwenda kituo cha afya.

Usipake dawa ya meno, yai, unga, majivu, mafuta ya taa wala mavi ya ng'ombe. Vitu hivi hufungia joto ndani, huingiza vijidudu, na humlazimu tabibu kusugua jeraha ili aone kina chake, jambo linalomwongezea mgonjwa maumivu. Wapo watakaouliza kuhusu asali. Asali ina shifaa kwa mujibu wa Qur'an, na hata hospitali baadhi hutumia asali iliyotayarishwa maalumu kwa vidonda. Lakini jeraha la dakika ile linahitaji maji. Asali haipoozi joto, na ya dukani si lazima iwe safi.

Mpelekeni hospitali bila kuchelewa kama jeraha ni kubwa kuliko kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole, kiasi ambacho ni karibu asilimia moja ya mwili wake. Kama limegusa uso, viganja, nyayo, sehemu za siri au maungio. Kama ngozi imekuwa nyeupe au nyeusi na haiumi. Kama ameunguzwa na umeme. Kama amevuta moshi na sauti imekwaruza. Au kama ni mtoto mchanga, mzee au mjamzito. Ulizeni pia kuhusu chanjo ya pepopunda.

HAYA NA SHERIA

Mwisho, kuna jambo linalowagharimu watu maisha. Mwanamke huungua kifuani au mapajani, na familia ikasita kumvua nguo au kumpeleka kwa sababu aliye zamu ni tabibu mwanamume. Wanachuoni wamethibitisha kanuni kwamba dharura huhalalisha yale yaliyokatazwa, kwa kadiri ya dharura hiyo. Akiwepo mhudumu mwanamke ni bora. Asipokuwepo, tiba haisubiri. Vilevile wanachuoni wameruhusu kukata swala ili kuokoa maisha au kuzima moto, na mgonjwa ana ruhusa ya kufungua saumu. Aliyeungua asilowanishe kidonda kwa ajili ya udhu. Amuulize sheikh wake juu ya tayammam na kupangusa juu ya bandeji.

MASWALI YA DARSA LA NYUMBANI

Baada ya Isha, baba na mama wakae na watoto waulizane:

1. Nani atakuwa mlinzi wa moto usiku huu, atakayekagua jiko, mtungi, koroboi, chetezo na pasi kabla ya kulala?

2. Ufunguo wa mlango uko wapi, na kila mtoto anaweza kuufikia gizani?

3. Tukitoka, tunakutana wapi?

4. Namba ya Zimamoto ni ngapi?

5. Mtu akimwagikiwa na chai ya moto, tunafanya nini katika dakika ya kwanza?

Nyumba ambayo watoto wake wanaweza kujibu maswali haya matano imeshaanza kumfunga ngamia wake. Allah awarehemu waliotangulia, awaponye majeruhi wanaoishi na makovu hadi leo, na azilinde nyumba zetu.

Wabillahi tawfiiq.